MAISHA YA KABAKA MUTESA WA KWANZA NA SHERIA ZA BARAZA LAKE



Wengi wenu mmetuuliza juu ya nini sisi makapita tunapenda sana ile sheria ya kupiga hodi, kusimama na kusalimu kwa utaratibu. Tumeona vema kuwajibu kwa maisha ya mtu mmoja mkubwa wa zamani. Mtu huyu alishika sheria za namna hii kuliko kapita yeyote, na kwake haikuwa mchezo. Tunaomba msome mpaka mwisho, kwa sababu mwisho unatuhusu sisi wenyewe.

Tuanze na habari mnayoijua tangu masomo ya Siku ya Mungu. Ni habari ya Esta katika mji wa Shushani. Mfalme Ahasuero wa Uajemi, ambaye wataalamu wengi wanasema ndiye Xerxes aliyetawala tangu mwaka 486 mpaka 465 mbele ya Kristo, alikuwa na sheria moja kali. Mtu akiingia mbele yake bila kuitwa, anauawa, isipokuwa mfalme amnyoshee fimbo yake ya dhahabu. Wafalme wa Uajemi walipenda mambo haya. Katika mji wao wa Persepolis kuna mawe yaliyochongwa mpaka leo. Mfalme ameketi juu ya kiti kirefu, na mtu aliye mbele yake ameinama kidogo, ameweka mkono karibu na kinywa. Alexander alipowashinda Waajemi, akataka Wayunani wake nao wamwinamie vile. Wengi walikasirika, maana kwao mtu alimwinamia mungu tu.

Tulipojifunza hayo tulidhani ni mambo ya mbali sana na hapa Luberizi. Kumbe hapana. Ukipanda kutoka Bonde la Ruzizi, ukapita Bukavu na Ziwa Kivu, ukaendelea upande wa kaskazini na mashariki mpaka Ziwa Nyanza, unafika Buganda. Huko, katika karne ya 19, kulikuwa na baraza ambalo Waajemi wenyewe wangelielewa mara moja. Mwenye baraza lile ni Mutesa.

KIJANA ANAKUWA MFALME

Mutesa alizaliwa karibu na mwaka 1838. Baba yake alikuwa Kabaka Suna wa Pili. Kabaka ndiyo kusema mwami wa Waganda. Mama yake aliitwa Muganzirwazza. Jina la kwanza la kijana lilikuwa Mukabya, maana yake mwenye kuliza watu. Jina Mutesa linatoka katika neno la Kiganda la kufanya shauri. Tutaona kwamba majina yote mawili yalimfaa.

Suna alikufa mwaka 1856. Alikuwa na watoto wanaume wengi, na wakubwa wa nchi hawakupatana wote juu ya nani atawale. Katikiro, ndiye waziri mkubwa, aliitwa Kayira. Huyo akamchagua Mutesa, kijana mwembamba na mnyamavu. Umri wake ulikuwa karibu miaka 18, kama sisi wa kalasi ya sita. Pengine wakubwa walifikiri kwamba kijana namna hii ataongozwa kwa urahisi. Walikosea. Ndugu zake walifungwa, na wengi wao waliuawa ili pasiwe mtu wa kupigania kiti. Kwa muda mfupi tu kijana mnyamavu akawa mtu ambaye nchi nzima ilimwogopa.

UTARATIBU WA BARAZA

Boma la kabaka lilijengwa juu ya kilima na kuzungushwa ua mrefu wa matete. Njia pana zilitoka kila upande wa nchi kuja kwake. Ndani kulikuwa na nyua nyingi na milango mingi, na kila mlango ulikuwa na mlinzi wake. Mgeni hakwenda mbele ya mfalme moja kwa moja. Alisimama uani, akangoja, akaitwa uani mwingine, akangoja tena. Kungoja kwenyewe kulikuwa somo: mgeni ajue nani ana mamlaka juu ya saa zake.

Mtu akifika mbele ya kabaka alijitupa chini. Akipewa zawadi, au akisamehewa, au hata akiadhibiwa na kubaki mzima, alishukuru kwa kulala kifudifudi na kusugua uso katika vumbi, huku akirudia neno la shukrani mara nyingi. Nguo ya gome la mti ilipaswa kufungwa vizuri. Mtu aliyeonyesha mguu mtupu mbele ya kabaka, au aliyesalimu vibaya, aliweza kutozwa mali, au kuuawa. Kabaka alikula peke yake. Hakuna aliyethubutu kuwatazama bibi zake. Safarini alibebwa mabegani, na kazi hiyo ilikuwa ya watu wa ukoo wa Mbogo.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Msidhani kwamba mambo haya yote yalikuwa kiburi tu. Kila ukoo wa Buganda ulikuwa na kazi yake katika boma. Ukoo wa Mbogo ulimbeba mfalme. Mtu wa ukoo wa Lugave alitunza ngoma za ufalme, zinazoitwa Mujaguzo. Mkubwa wa ukoo wa Nkima, anayeitwa Mugema, alimvika mfalme mpya nguo ya gome. Tena mtoto wa mfalme alihesabiwa katika ukoo wa mama yake, si wa baba kama watoto wengine. Kwa hiyo ukoo mwingi uliweza kutumaini kwamba siku moja mtoto wa binti yao atatawala. Desturi hizi zilifunga watu pamoja kama kamba inavyofunga mzigo wa kuni. Mtu wa ukoo wa Lugave akisikia ngoma, alijua kwamba ufalme ni wake pia.

Na kulikuwa na vijana wa kutumikia. Wakubwa wa nchi walileta watoto wao bomani, na hao walikuwa mamia. Kazi yao ilikuwa kupeleka maneno ya mfalme, nao hawakutembea, walikimbia. Walijifunza kusema, kunyamaza na kusikiliza. Aliyefanya vizuri aliweza kupewa kijiji, kiisha wilaya. Tunaweza kusema boma lilikuwa masomo yao ya sekondari, lakini mtihani wao ulikuwa wa kila siku, na aliyeanguka hakungoja mwaka mwingine.

KITI CHA SPEKE

Mwezi wa pili mwaka 1862, Mwingereza John Hanning Speke alifika Buganda akitafuta chanzo cha mto Nile. Boma lilikuwa Banda wakati ule. Speke alitaka kupokelewa kama mkubwa. Alipoambiwa akae chini na kungoja juani, kama wafanya biashara wa pwani walivyofanya, alikataa, akageuka na kurudi kambini kwake. Wakubwa wa baraza walishangaa. Hawajaona mtu wa kumpa kabaka mgongo. Walimkimbilia na kumsihi arudi, wakakubali aje na kiti chake mwenyewe. Jambo hilo halikuwahi kuruhusiwa kwa mgeni.

Basi Speke akaketi juu ya kiti chake, akafungua mwavuli. Mutesa, kijana wa miaka karibu 25, alikuwa ameketi juu ya blanketi jekundu. Karibu naye palikuwa na mbwa mweupe, mkuki, ngao na mwanamke, alama za ufalme. Walitazamana karibu saa nzima bila kusema neno. Kiisha mfalme akatuma mtu amwulize mgeni kama amemwona. Halafu akaondoka kwenda kula, kwa sababu alikuwa hajala tangu aliposikia mgeni anakuja. Aliondoka kwa mwendo wa simba, akitupa miguu upande huu na upande huu, kama ilivyokuwa desturi ya wafalme wa kwao. Speke aliona ni kichekesho. Waganda waliona ni utukufu. Jambo moja, macho mawili.

Maneno nayo yalikuwa na njia yake. Speke alimwambia mtu wake Bombay, Bombay akamwambia Nasib kwa Kiswahili, Nasib akamwambia mkubwa wa baraza kwa Kiganda, ndipo neno likafika kwa mfalme. Mnaona kwamba lugha hii tunayoandika hapa ilikuwa daraja hata wakati ule. Mutesa mwenyewe alijifunza Kiswahili na Kiarabu kidogo kutoka kwa wafanya biashara wa Zanzibar.

MWANAMKE NA TUNDA

Speke alikaa Buganda miezi kadhaa. Alimpa Mutesa bunduki, na siku moja mfalme akampa kijana wake bunduki iliyojazwa, akamwambia aende uani ampige mtu ili waone kama inafaa. Kijana akaenda, akapiga, akarudi anacheka. Hakuna aliyeuliza jina la mtu aliyekufa.

Siku nyingine walikwenda ziwani kupumzika. Palikuwa na chakula, pombe na furaha. Mfalme na bibi zake walitembea katika miti, wakila matunda. Mmoja wa wale bibi aliona tunda zuri, akalichuma, akampa mume wake kwa mapendo. Mutesa akawaka hasira. Mwanamke hakuwa na ruhusa ya kumpa kabaka kitu chochote, na yeye hajaona jambo kama hilo. Akaamuru vijana wamfunge na kumpeleka kuuawa. Vijana wakamrukia kama mbwa wanavyorukia sungura, na mfalme mwenyewe akaanza kumpiga kwa fimbo. Yule mama alilia akiomba msaada. Bibi wengine walipiga magoti na kusihi. Speke hakuvumilia, akakimbia na kumshika mfalme mkono, akamwomba uhai wa mwanamke. Mutesa akatabasamu, akamwachilia.

Jina la mwanamke huyu halikuandikwa. Sisi tunamfikiri pamoja na Esta. Wote wawili walikuwa bibi wa mfalme, wote wawili walivunja sheria ya baraza, mmoja kwa kuingia bila kuitwa, mmoja kwa tunda. Esta alijua hatari, akafunga siku tatu kabla ya kuingia. Huyu hakujua kitu, alifikiri tu kwamba mume wake atafurahi. Na tazameni jambo hili: wakubwa wa baraza walikuwapo, watu wenye akili na nguvu. Desturi iliwafundisha kunyamaza vizuri sana hata wakanyamaza siku ambayo ingefaa kusema.

DINI TATU MBELE YA KITI KIMOJA

Lakini Mutesa hakuwa mkali tu. Alikuwa mtu wa shauri kweli, mwenye hamu ya kujua. Tangu mwaka 1867 alifunga Ramadhani miaka kama 10, akajenga misikiti, akavaa nguo za Kiarabu. Hata hivyo hakutahiriwa, kwa sababu damu ya kabaka haikuruhusiwa kumwagika. Hapo sheria mbili zikagongana. Vijana wake walioshika Uislamu kwa moyo walikataa kula nyama iliyochinjwa bomani, wakakataa pia kuongozwa na yeye katika sala. Kukataa chakula cha mfalme kulikuwa kumkataa mfalme. Mwaka 1876 karibu 70 kati yao waliuawa kule Namugongo.

Mwaka 1875 alifika Stanley, yule ambaye kiisha alishuka na mto wetu Kongo mpaka baharini mwaka 1877. Boma lilikuwa Rubaga. Mutesa alizungumza naye sana juu ya Biblia. Stanley alipoondoka, alimwachia kijana Dallington Maftaa, aliyefundishwa na misioni ya Kiingereza ya Zanzibar, ili amsomee Neno kwa Kiswahili. Stanley aliandika barua, ikatoka katika gazeti la London mwezi wa 11 mwaka uleule, kuomba wamisionari. Wa kwanza wa misioni ya Waprotestanti walifika mwezi wa 6 mwaka 1877. Alexander Mackay alifika mwaka 1878, na mapadri weupe, pamoja na Padri Lourdel, mwaka 1879.

Mutesa aliwasikiliza wote. Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki walibishana mbele yake, naye aliketi akitazama. Hata kati ya wageni vita vya kiti na magoti viliendelea. Siku moja ya ibada bomani, wakati Waprotestanti walipopiga magoti kuomba, mapadri walibaki wameketi, na mfalme akataka kujua sababu. Yeye alikuwa na hesabu zake pia. Wamisri walikuwa wanashuka kutoka kaskazini, naye alitafuta rafiki wa kumsaidia na bunduki. Mwaka 1879 alituma wajumbe watatu, wakafika London mwaka 1880 na kuonana na Malkia Victoria.

Mwisho wake hakubatizwa. Bibi zake walikuwa wengi mno, wakubwa wake walikataa dini za wageni katika shauri la mwisho wa mwaka 1879, na ugonjwa ulikuwa umemkamata. Aliyeamuru kila mtu hakuweza kujiamuru mwenyewe kutoka katika ule ua wa matete. Sheria zilizowazuia watu kuingia zilimzuia yeye kutoka.

MAZISHI

Mama yake alikufa mwaka 1882. Mutesa alitaka azikwe kuliko wafalme wote, akamwomba Mackay, ambaye alikuwa fundi. Mackay alitengeneza masanduku matatu, moja ndani ya lingine, na moja lilikuwa la shaba. Shimo lilijazwa nguo za magome kwa maelfu.

Mutesa mwenyewe alikufa mwezi wa 10 mwaka 1884, umri wake karibu miaka 46. Desturi ya zamani ilikuwa kuondoa mfupa wa taya wa kabaka na kuutunza katika nyumba yake. Kwa Mutesa haikufanywa. Alizikwa mzima, ndani ya nyumba yake kubwa ya nyasi pale Kasubi. Ndiye aliyevunja desturi ile, na wafalme wengine watatu wa baadaye walizikwa palepale.

Nyumba ile iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001. Iliungua tarehe 16 mwezi wa 3 mwaka 2010, Waganda wakalia kama waliofiwa, halafu ikajengwa tena. Mgeni akiingia anavua viatu na kukaa chini. Mbele yake linaning'inia pazia la nguo za magome, na nyuma ya pazia hapiti mtu yeyote tu. Mutesa amekufa zaidi ya miaka 100, na bado watu wanangoja uani kwake.

JAMBO LINALOTUHUSU

Sasa tuseme la kwetu. Mwaka huu, usiku mmoja wakati wa kujifunza, mdogo wetu wa kalasi ya kwanza aliingia ghafula mahali tulipokuwa. Hakupiga hodi, hakusalimu. Tulimkatisha maneno, tukamrudisha nje, tukamwambia ajifunze adabu kwanza. Aliogopa, akaenda kulala. Asubuhi tulijua kwamba alikuja kusema rafiki yake ana homa kali na anatetemeka. Mtoto yule alipelekwa dispensari asubuhi, na tunamshukuru Mungu amepona. Lakini alilala usiku mzima na malaria kwa sababu sisi tulitaka hodi.

Tumesoma juu ya Mutesa na kumwona mkali. Kiisha tukajiuliza: ni sisi gani tofauti? Yeye alikuwa na nchi, sisi tuna kitabu cha majina na filimbi.

Hatusemi sheria ziondolewe. Ngoma na koo za Buganda zimetufundisha kwamba watu wasio na utaratibu wanatawanyika. Tutaendelea kusimama mwalimu akiingia, na kumpa Bwana Prefe heshima yake. Lakini tumepatana sisi makapita, na tunaandika hapa ili mtukumbushe: mtu akija na habari ya ugonjwa, ya hatari au ya kilio, mlango ni wazi, hodi au hapana hodi. Na mkituona tumekosea, msinyamaze kama wale wakubwa wa ziwani. Njoni mtuambie.

Neno la mwisho. Katika siku za Mutesa na Mackay, kijana mmoja Mganda alikuwa anakua, akasikia mafundisho ya Mackay. Jina lake Apolo Kivebulaya. Mwaka 1896 alivuka kuja Mboga, katika nchi yetu ya Kongo, akahubiri kati ya watu wadogo wa msituni ambao wakubwa waliwadharau. Aliketi nao chini. Hakuleta kiti. Alikufa huko mwaka 1933. Maisha yake tutayaandika katika namba nyingine, Mungu akipenda.

Tunawatakia masomo mema, na wenzetu wa kalasi ya sita mtihani mwema wa Serikali.

Kapita wenu